Sura ya Tisa: Karata za Nagasaki

Kilichomsalimia Mumbua alipoingia bwaloni ni kufuli. Kak! Herbert alikuwa amechota vijiko vitatu vya sukari kwa chai yake, akafunga kabati, akarudisha ufunguo kwenye mkanda, yote hayo bila kutazama, kama mtu anayejikuna.

"Karibu, madam. Chai ipo. Sukari ndiyo imeisha."

"Imeisha au imefungwa?"

"Kwa kambi hii ni kitu kimoja," akasema Herbert, akacheka peke yake.

Herbert ndiye msimamizi wa kambi hiyo ya walinzi, Mtaa wa 43, Industrial Area. Watu mia na sitini walikula, wakaoga na wakafua kwa hisani ya mkanda wake. Alifunga friji kwa kufuli. Alifunga kioo cha ubao wa matangazo kwa kufuli. Walinzi walikuwa na msemo wao kwamba siku Herbert atakapofika mbinguni, Mtakatifu Petro atafutiwe kazi nyingine.

Mumbua hakuwa amekuja kucheka. Alikuwa afisa wa uchunguzi wa kampuni, mwanamke mfupi kutoka Kitui aliyekula miaka sita ya upelelezi Mombasa kabla ya kuja Doha, na tangu asubuhi alikuwa na hasira ya kuchemshia maharagwe. Siku hiyo alikuwa ameanzia nyuma ya jengo, kwenye uchochoro, akamaliza jambo lake la dakika mbili, ndipo akazunguka na kuingia kwa lango kuu kama watu wa heshima.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na tatu Machi, baada ya swala. Wiki moja kamili. Ijumaa iliyotangulia, saa nne na nusu asubuhi, jiko la umeme liliwasha godoro katika chumba nambari kumi na nne, na walinzi wa zamu ya usiku walikuwa wamelala fofofo. Wengi walitoka kwa mbele wakikohoa. Jeremiah, mmoja wao, alikimbilia nyuma, kwenye mlango wa dharura, kama alivyoagizwa na mishale ya ukutani na kile kimtu cha kijani kinachokimbia. Mlango ulikuwa umetiwa kufuli kwa nje. Walimkuta ameukumbatia.

Kufuli hilo lilikuwa na funguo mbili tu duniani. Mmoja ulining'inia kwenye msumari katika kibanda cha lango, mikononi mwa Eugene, kijana wa Mbale mwenye haya kiasi kwamba husalimia hata paka. Wa pili ulikuwa kwenye mkanda wa Herbert, na mkanda wa Herbert, siku hiyo, ulikuwa Nagasaki, Japani.

Basi Eugene akawekwa ndani. Jumapili asubuhi faili lake lingetoka kituoni kwenda kwa mwendesha mashtaka, na jina la mtu wa kulaumiwa lingekuwa moja tu.

"Pasipoti yako, Herbert," Mumbua akasema. "Nataka kuona mihuri."

"Nilimrudishia mandubu Jumanne, siku ile ile niliyotua."

"Na mandubu yuko wapi?"

"Mapumziko hadi Jumapili. Simu amezima. Si unajua watu wa makaratasi."

Alijua. Mandubu, mshughulikia makaratasi wa kampuni, alizifungia pasipoti za watu wote katika kabati moja la chuma, na kabati likienda mapumziko, watu mia na sitini wanakuwa hawana uthibitisho kwamba walizaliwa.

"Kabati," Mumbua akasema kwa meno. "Kila kitu hapa kimo kwenye kabati."

Oloo, mpishi, akamletea kikombe cha chai. Alikuwa Mjaluo mpana, mwenye aproni ambayo hapo zamani ilikuwa nyeupe. Akainama kama anayepangusa meza, akamnong'oneza, "Kunywa, dadangu, imo sukari. Nina yangu kwenye soksi."

"Safi, au ile uliyovaa?"

"Usiulize, unywe."

Mumbua akanywa. "Mzee Oloo, bosi wako aliondoka lini?"

"Jumanne ya tarehe tatu. Tulichinja mbuzi wawili! Tulimwimbia hadi langoni, na Eugene akaandika kwenye OB, lile daftari la langoni: Herbert ametoka, sanduku jekundu moja. Akarudi Jumanne hii iliyopita, OB imeandikwa tena. Katikati hapo hakupita mtu langoni anayeitwa Herbert." Oloo akashusha sauti, akacheka. "Msafiri gani huyo, chaja aliisahau! Ilibaki hapo jikoni ukutani, ile yake yenye selotepu ya bluu. Nikasema, ee, sasa atawaomba Wajapani stima."

"Iko wapi sasa?"

"Ah, vijana waliiba. Ijumaa asubuhi nilichajia simu yangu nikikaanga mandazi. Saa nne nikatoka kwenda kutupa taka, kurudi, simu ipo, chaja hakuna. Halafu moto ukaja, nani angeulizia chaja?"

Mumbua akaweka kikombe chini polepole. Hakuandika chochote. Aliinuka akaenda kwenye ubao.

Nyuma ya kioo, kwa herufi kubwa, palibandikwa: RIPOTI YA SAFARI YANGU NAGASAKI NA VISIWA VYAKE, na Herbert, Msimamizi Bora wa Usalama.

Alisoma mstari huo mara mbili. Mkandarasi mkuu wa mradi, kampuni ya Kijapani, alikuwa amezialika kampuni ndogo ndogo kutuma mtu mmoja mmoja, kama tuzo ya mwaka mzima bila ajali. Tuzo ya usalama. Jeremiah ndiyo kwanza amemaliza siku saba mochari, na ukutani bado pananing'inia tuzo ya usalama, tena imepigwa kufuli.

Picha zilikuwa nzuri, hakuna ubishi. Bandari iliyobanwa na vilima, nyumba zimepanda juu kama viti vya uwanja wa mpira. Tramu ya kijani. Daraja la mawe la matao mawili, ambalo kivuli chake majini kinalifanya kama miwani. Kanisa la mbao juu ya ngazi. Na kisiwa kidogo kilichojaa magorofa matupu ya zege, meusi, kama manowari iliyokwama.

"Wewe huonekani hata kwenye moja," Mumbua akasema.

"Nani angepiga kama mimi ningesimama mbele?"

"Mtu anayejipiga picha akinunua vitunguu, Herbert? Nimeona ukurasa wako."

Herbert akasugua shingo. "Ugenini nilitaka unyenyekevu."

"Kaa chini."

Walikaa mezani. Mlangoni pa bwalo alisimama Kevin, aliyekuwa akilala kitanda cha juu ya Jeremiah, mkono wake wa kushoto ungali umefungwa bendeji. Mumbua alikuwa amemwambia asiondoke, na asiseme neno hadi aitwe.

"Ijumaa tarehe sita ulikuwa wapi?"

"Imeandikwa hapo, madam. Visiwani."

"Nataka ya mdomo."

Herbert akavuta pumzi, akatiririka kama kasisi kwenye misa aliyoizoea. "Asubuhi tulipanda tramu hadi bandarini. Tukaingia kwenye boti. Tukaenda kwenye kile kisiwa cha magorofa, palikuwa na machimbo ya makaa ya mawe chini ya bahari. Mawimbi yalikuwa makali, hatukuweza kushuka, tulizunguka tu. Mwongozaji akatueleza, wakati wa vita wengine waliletwa huko kwa nguvu, wakachimba, wakalala wamebanana vyumbani, na hakuna wa kutoka."

"Hakuna wa kutoka," Mumbua akarudia. "Ukaandika hayo kwa mkono wako, ukafunga kioo."

"Historia, madam."

Asubuhi hiyo Mumbua alikuwa ameazima kijitabu cha watalii kwa Edith, Mkenya wa mapokezi katika hoteli moja ya West Bay. Alikuwa amekuja na mtego tayari. "Tramu ya Nagasaki. Unapandia wapi?"

"Nyuma."

"Nauli unalipa ukipanda?"

"Hapana. Ukishuka, kwa mbele, unatumbukiza kando ya dereva. Nilishangaa sana. Nairobi ungelipa lini? Watu wangeshuka kwa dirisha."

Jibu lilikuwa sawasawa, mpaka nukta. Mumbua akamuuliza keki ya mji ule. Herbert akasema inaitwa kasutera, ya mayai, na chini ina karatasi ya kubandua, la sivyo unatafuna karatasi na sukari ya mawe. Sawasawa tena. Akamuuliza bomu lilianguka lini. Tarehe tisa Agosti, saa tano na dakika mbili asubuhi, na ipo saa ya ukutani makumbushoni iliyosimama dakika hiyo.

Kevin akakohoa mlangoni. Herbert akanyoosha miguu chini ya meza, akachovya mandazi kwenye chai yake tamu.

"Madam, mimi namhurumia Eugene. Lakini funguo ni mbili. Hesabu ya darasa la kwanza hiyo."

Mumbua akainuka. Alirudi ubaoni akasoma ripoti hadi chini, kidole juu ya kioo. Kwenye aya ya mwisho kidole kikasimama. Akasoma kwa sauti, watu wote bwaloni wasikie:

"'Mchana tulishukia kisiwa cha jirani, wazee wa huko wakatukaribisha kwao, tukaketi chini kwenye mikeka yao, tukacheza karata. Wazee hao ni wakali, lakini damu ya Kenya haishindwi. Nilimlisha mzee mmoja mbili ya kopa, akaokota kadi mbili, nikatangaza *niko kadi*, imebaki moja, nikamaliza na saba ya shupaza. Walipiga makofi. Karata zenyewe ndizo hizo chini, nimewaletea zawadi.'"

Chini ya ripoti palikuwa na boksi jekundu lenye maandishi ya Kijapani, lingali ndani ya nailoni yake.

"Aliokota kadi mbili?" Mumbua akauliza. "Kwa sheria zetu?"

"Karata ni karata, madam. Dunia nzima."

"Na walicheza kwa karata zao?"

"Kama hizo hizo kabisa."

"Hamjawahi kulifungua?"

"Nimelifungia. Vijana hawa wana mikono michafu."

"Fungua kioo."

"Madam, hiyo ni kumbukumbu yang—"

"Fungua kioo, Herbert, kabla sijakifungua kwa kiti."

Ufunguo ukatoka, kioo kikafunguliwa. Mumbua akachukua boksi, akachana nailoni kwa meno. Herbert, nyuma yake, akarudisha kioo, na kufuli likalia, kak, japo ndani hapakuwa tena na cha kuibiwa isipokuwa uongo wenyewe. Mumbua akageuka akaitazama ile mikono kitambo kidogo. Kisha akarudi mezani, akakung'uta kadi mbele yake.

"Haya. Mimi nimefunzwa karata na akina mama wa Majengo, usinionee huruma. Gawa."

Herbert akazikusanya. Mikono ikachanganya mara moja, mara mbili, kisha ikasimama.

Nusu ya kadi zilikuwa na picha: bibi anapepeta nafaka, mbwa na fimbo, jamaa anasinzia, na kila moja ina herufi moja tu ndani ya duara pembeni. Nusu ya pili hazikuwa na picha hata chembe, maandishi matupu.

"Nitafutie saba ya shupaza," Mumbua akasema.

Herbert akapekua kadi, moja, mbili, akazirudisha.

"Basi nipe kopa yoyote. Pau. Uru. Hata jokari, sichagui."

"Hizi... labda ni za watoto. Wale wazee walikuwa na—"

"Umesema kama hizo hizo kabisa. Mzee Oloo, alisema?"

"Alisema," Oloo akajibu kutoka jikoni, sufuria mkononi.

Mumbua akageuza boksi. Nyuma palichorwa watu wamepiga magoti mbele ya kadi zilizotandazwa. Mmoja anasoma, wengine wamerusha mikono kama wanaoua mbu. Chini yake mistari mitatu ya Kiingereza. Aliitafsiri kwa sauti ya upole, ile ambayo Mombasa watuhumiwa waliiogopa kuliko kofi.

"Mmoja anasoma methali kwa sauti. Wengine wananyang'anyana picha yake. Mwenye picha nyingi ndiye mshindi. Hakuna kuokota, hakuna kulisha, hakuna niko kadi. Kushinda, lazima ujue kusoma Kijapani na kuzijua methali zao. Wewe, Herbert, ulishinda kwa lugha gani?"

Herbert akasukuma kikombe chake kando.

"Na jina la mchezo ni hili hapa. *Karuta*. Soma mwenyewe, ka, ru, ta. Wareno walipita Mombasa wakatuachia karata, kopa na shupaza. Wakasonga hadi Nagasaki wakawaachia hawa karuta. Neno moja, mama mmoja, lakini watoto wamekua tofauti. Mtu aliyekuwa kwenye mkeka ule alikuandikia karuta, kwa sababu ndivyo alivyosikia. Wewe ukadhani kidole chake kimeteleza kwenye simu. Ukamsahihisha! Halafu utamu ukakuzidi, ukajitilia na makofi." Akapiga meza, kadi zikaruka. "Nani alikuwa akikuandikia?"

Herbert alimtazama Oloo, akamtazama Kevin, kisha akazitazama kadi kama zina mlango wa kutokea.

"Milcah," akasema hatimaye. "Nesi wa kliniki ya mradi. Yeye alienda kweli. Aliniletea hilo boksi nisiaibike."

"Na wewe?"

"Walinirudisha kaunta pale uwanja wa ndege. Karatasi ya viza ilikuwa na kasoro, jina halikulingana na pasipoti. Madam, mlikuwa mmenichinjia mbuzi wawili! Ningerudije jioni ile ile na sanduku?" Sauti ikapanda, hasira ya mtu aliyekamatwa uchi. "Mngenicheka hadi Krismasi! Nina binamu anachunga njiwa na mbuzi shambani Umm Salal. Nilikaa huko. Wiki nzima. Kosa liko wapi? Kudanganya kwamba umeona bahari ni jinai?"

"Sijafika kwenye jinai. Toa chaja yako mezani."

"Chaja?"

"Chaja, Herbert. Ya simu."

Ilitoka mfukoni polepole, waya umezungushiwa selotepu ya bluu. Oloo akaweka sufuria chini kwa kishindo.

"Hiyo ndiyo! Hiyo ndiyo ilikuwa ukutani kwangu Ijumaa nikikaanga mandazi! Wewe! Na mimi nikawasema vijana wa watu wezi!"

"Jumanne tarehe tatu iliachwa hapa," Mumbua akasema. "Ijumaa asubuhi ilikuwa hapa. Saa nne haikuwapo. OB haina jina lako langoni, kwa sababu langoni alikuwapo Eugene, na Eugene huandika hata inzi akipita. Jikoni kuna korido moja, inaishia kwenye mlango wa nyuma. Na mtu aliye Japani haingii kwa mbele kuchukua chaja."

Herbert aliufunika uso kwa viganja. "Dakika mbili tu," akasema humo ndani. "Simu ilikufa, Milcah alikuwa akinitumia picha, nisingekuwa na la kuwaambia. Nilifungua kufuli, nikaingia, nikachukua, nikatoka. Lakini sikufunga! Sikiliza, naapa kwa kaburi la mama. Mlango niliusukuma tu. Kufuli nililiacha linaning'inia wazi. Eugene alifunga baadaye. Mimi sikumbuki kufunga, sikumbuki kabisa!"

Kevin alitaka kusogea, mkono mzima umekunjwa ngumi. Mumbua akamzuia kwa jicho.

"Hukumbuki," akasema. "Sawa. Twende ukanionyeshe ulivyoiacha. Kevin, na wewe njoo."

Korido ilinuka bado. Masizi yalipanda ukutani hadi darini, na kile kimtu cha kijani kilikuwa kimeyeyuka miguu. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, jua la uchochoroni limeingia hatua tatu. Mumbua alitoka kwanza, Oloo akamfuata na aproni yake. Herbert, akimpita Kevin aliyesimama koridoni, akaja mwisho, anaongea bila kupumua.

"Hapa, madam, nilikuja hivi, kutoka kule mwisho wa uchochoro. Teksi ya binamu ilisimama pale kona. Niliogopa kuonekana, nikatoka haraka, nikausukuma mlango hivi, nikaenda zangu. Hivi tu. Mnaona? Hivi tu."

Kak.

Oloo alikuwa wa kwanza kutazama. Kisha Mumbua. Herbert mwenyewe aliendelea kunyoosha kidole kwenye ile kona, akitaja rangi ya teksi, mpaka akaona hakuna anayetazama kona.

Akageuka. Kwenye pete ya mlango lilining'inia kufuli jipya, la shaba, linang'aa. Limefungwa.

"Hilo nimelinunua leo asubuhi kwa fundi wa vyuma," Mumbua akasema. "Nililitundika wazi. Mzee Oloo, nani amelifunga?"

"Yeye. Hata hakutazama."

Ndani, mtu akagonga. Mara moja, kwa adabu. Kisha kwa ngumi. Bati la mlango likatetemeka mbele ya uso wa Herbert.

"Afisa!" Ilikuwa sauti ya Kevin, nzito nyuma ya chuma. "Afisa, mlango umefungwa!"

Herbert alirudi nyuma hatua moja. Alitazama mkono wake wa kulia kama umeletwa na mtu mwingine. Kevin hakuacha kugonga, na hakuna aliyemwambia aache.

"Fungua," Mumbua akasema.

Herbert akapapasa mkanda, ufunguo mmoja mmoja, wa sukari, wa friji, wa kioo.

"Sina ufunguo wake," akasema.

"Hata Jeremiah hakuwa nao."